Askari wa Taifa, Mgeni wa Jimbo

Swali la wiki hii limetoka Temeke. Mama mmoja, msikilizaji wetu wa siku nyingi, ana kijana aliyehamia Marekani, akapata uraia wa huko, akaingia jeshini na kupelekwa Iraq. Alirudi na mguu mmoja usiokunjika. Sasa rafiki yake waliyekuwa kikosi kimoja, anayeishi jimbo la mbali, amemwalika wakavue samaki mtoni na, mguu ukiruhusu, wakawinde. Kijana akatafuta bei ya leseni. Akakuta bei tatu: ya mkazi wa jimbo, ambayo ni ndogo, ya mgeni kutoka jimbo jingine, ambayo ni kubwa mara nyingi zaidi, na katikati yake bei ya mgeni ambaye ni askari aliyelemaa akiwa kazini.

Kijana mwenyewe alifurahi kupata nafuu. Aliyekasirika ni mama. Ameniandikia: "Mwanangu alipopelekwa vitani, aliulizwa ni wa jimbo gani?"

Hewani nilimjibu kwa dakika saba, kisha muziki ukaingia. Gazeti lina nafasi zaidi, na swali la mama huyu lina historia ya karibu miaka 200, kwa hiyo leo nalirudia taratibu.

Tuanze na hilo la bei ya mgeni, maana halituhusu kama kitu kipya. Yeyote aliyewahi kusimama kwenye lango la hifadhi zetu ameuona ubao wa viingilio: raia wa Afrika Mashariki ana bei yake, mgeni anayeishi nchini ana yake, na mgeni wa kupita ana yake. Watalii husoma ubao ule wakaguna. Mmarekani akiguna, ajue kwao ni hivyohivyo, ila kwao anayetozwa zaidi ni Mmarekani mwenzake aliyevuka mpaka wa jimbo, mpaka usio na askari wala kizuizi.

Kesi ya mwanzo inayokumbukwa ilihusu chaza. Mwaka 1820 jimbo la New Jersey lilitunga sheria ya kuwakataza watu wasio wakazi wake kuchukua chaza katika maji yake. Chombo cha mtu wa nje kikakamatwa, mwenyewe akaenda mahakamani. Hoja yake ilikuwa nzuri. Katiba ya Marekani inasema raia wa kila jimbo atapata katika majimbo mengine haki zilezile wanazozipata raia wa huko. Shauri hilo, Corfield dhidi ya Coryell, liliamuliwa mwaka 1823 na Jaji Bushrod Washington, mpwa wa George Washington mwenyewe. Jaji alizitaja haki ambazo raia hutembea nazo popote: kusafiri, kufanya kazi, kumiliki mali, kufungua kesi. Chaza hakuwaweka humo. Chaza, alisema, ni mali ya pamoja ya watu wa New Jersey, na si lazima wagawane na jirani.

Kutoka chaza mambo yakahamia kwa wanyama wa porini, na huko hofu ilikuwa kubwa zaidi. Reli zilipoenea baada ya vita vyao vya wenyewe kwa wenyewe, mwindaji wa mjini aliweza kupanda treni na kurudi na nyama ya kuuza. Nyati wa Marekani, waliokuwa mamilioni kwa mamilioni, ilipofika mwishoni mwa miaka ya 1880 walibaki mamia tu porini. Njiwa msafiri, ndege ambaye makundi yake yalikuwa yakifunika jua, alitoweka kabisa. Wa mwisho alikufa katika bustani ya wanyama ya Cincinnati mwaka 1914. Ni katika miaka hiyo ambapo majimbo, moja baada ya jingine, yalianza kudai leseni, na mara nyingi wa kwanza kudaiwa alikuwa mgeni. Ni rahisi kumlaumu asiyepiga kura.

Mwaka 1896 Mahakama ya Juu ilitia muhuri jambo hilo katika shauri la Geer dhidi ya Connecticut, lililohusu ndege waliowindwa ambao mtu alitaka kuwasafirisha nje ya jimbo. Mahakama ilisema wanyama wa porini ni mali ya watu wa jimbo, na serikali ya jimbo ni mdhamini wao. Kwa lugha ya kwetu: mnyama akiwa Montana ni wa Wamontana, hata kama jana alilala upande wa pili wa mlima.

Hapa niseme kidogo juu ya upande wetu, kwa sababu wazo hilihili lilifika huku kwa meli. Katika miaka ya mwanzo ya ukoloni wa Kiingereza Kenya, mgeni aliyekuja kuwinda alilipa pauni 50 kwa leseni, na mlowezi alilipa pauni 10. Theodore Roosevelt, aliyeteremka Mombasa Aprili 1909 wiki chache baada ya kuuacha urais wa Marekani, alikuja kuwinda chini ya utaratibu huo wa leseni. Mwenyeji halisi, Mkamba au Mdorobo aliyeishi kwa upinde, hakuwa na safu yake ya maana kwenye orodha ile. Aliendelea na kazi ya babu zake na akaitwa jangili. Tukiwatazama Wamarekani wakibishana nani mkazi na nani mgeni, tukumbuke kwamba kwetu mkazi wa miaka 3 aliwahi kupewa bei nafuu na mkazi wa miaka 1,000 akapewa kesi.

Turudi Marekani. Mzozo wenyewe hasa ulilipuka Montana, jimbo la milima na elki. Elki ni mnyama wa jamii ya ayala. Dume lake hupita kilo 300 na pembe zake humfanya mtu asafiri kilomita 2,000 kumfuata. Msimu wa 1976 mkazi wa Montana alilipa dola 9 kuwinda elki. Mgeni hakuruhusiwa kununua leseni ya elki peke yake. Alilazimika kununua fungu zima, pamoja na ayala mdogo, dubu mweusi, ndege na samaki, kwa dola 225. Mkazi aliyetaka fungu hilohilo alilipa dola 30. Hesabu yake ni mara saba na nusu, na kwa aliyemtaka elki tu ni mara 25.

Lester Baldwin, mwenyeji wa Montana aliyekula kwa kuwaongoza wageni porini, alishitaki pamoja na wawindaji kutoka Minnesota. Mwaka 1978 Mahakama ya Juu iliwashinda kwa kura 6 dhidi ya 3. Jaji Harry Blackmun aliandika kwamba kuwinda elki ni burudani. Hakuna anayeitegemea kupata riziki, na si haki ya msingi inayolifunga taifa pamoja. Majaji watatu waliopinga, Brennan, White na Marshall, walitaka jimbo lieleze kwa nini limtoze mgeni kiasi hicho. Hawakusikilizwa.

Mwaka uliofuata, 1979, mahakama hiyohiyo iliitupa ile hukumu ya 1896, na iliitupa kwa sababu ya samaki wa chambo. Mfanyabiashara mmoja wa Texas alinunua vidagaa Oklahoma akavipeleka kwao, akashitakiwa. Mahakama ikasema huo usemi kwamba jimbo linamiliki wanyama porini ni maneno ya zamani tu. Samaki wakishakuwa bidhaa, biashara kati ya majimbo haizuiliwi hivyo. Mtu angetarajia bei za wageni nazo zianguke. Hazikuanguka. Ziliendelea kwa miaka mingine zaidi ya 20, hadi mwaka 2002 mahakama ya rufaa ya shirikisho iliposema kwamba kiwango cha asilimia 10 ambacho Arizona iliwawekea wageni kwa baadhi ya wanyama kinagusa biashara ya taifa, na lazima kitetewe upya.

Majimbo ya magharibi yakashtuka. Harry Reid, seneta wa Nevada, akapeleka hoja Bungeni kwamba Bunge litamke wazi: jimbo lina haki ya kumtofautisha mkazi na mgeni katika kuwinda na kuvua. Hoja ikapita na kuwa sheria Mei 2005.

Sasa msomaji, hapa ndipo naomba utulie. Hoja ile haikupita peke yake. Ilibandikwa kama kifungu ndani ya muswada mkubwa wa fedha za dharura, na muswada wenyewe ulikuwa wa kugharamia vita vya Iraq na Afghanistan, pamoja na misaada kwa waliokumbwa na tsunami. Karatasi iliyotoa fedha za kumpeleka kijana wa Temeke na wenzake vitani ndiyo iliyothibitisha kwamba akirudi anaweza kutozwa kama mgeni mtoni. Sidhani kama kuna aliyekusudia hivyo. Mabunge hubandika vitu kama fundi cherehani mwenye haraka. Lakini mama wa Temeke aliuliza kama mwanawe aliulizwa jimbo lake alipokuwa anakwenda, na mimi namjibu: hakuulizwa, na jibu la safari ya kurudi liliandikwa katika sheria ileile.

Kuna jambo jingine linaloongeza ukakasi. Askari akiwa bado kazini, majimbo mengi humhesabu kuwa mkazi kwa mambo ya leseni popote kambi yake ilipo. Akitumwa Idaho anavua kwa bei ya Idaho. Akilipuliwa, akatibiwa, akaachishwa kazi na kurudi kwao, ukazi ule unakwisha pamoja na gwanda.

Msikilizaji mwingine, mzee wa Ilala, alinipigia baada ya kipindi akauliza kwa nini mtu aliyeona risasi zikifanya kazi yake atake tena kushika bunduki. Swali zuri. Wengi hawataki. Wengi hushika ndoana. Mwaka 2005, katika hospitali ya jeshi ya Walter Reed mjini Washington, walikokuwa wakiletwa waliokatika viungo, nahodha mstaafu wa jeshi la majini aitwaye Ed Nicholson alianzisha mpango wa kuwafundisha majeruhi kuvua kwa chambo cha nzi wa bandia, ule uvuvi wa kurusha uzi mrefu juu ya maji. Mpango huo, Project Healing Waters, ulienea nchi nzima. Ukimtazama mtu aliyepoteza vidole akijifunza kufunga fundo la uzi mwembamba kama unywele, utaelewa kwamba samaki ni kisingizio. Na wanaowinda nao wana njia zao: yako majimbo yanayomruhusu mlemavu kufyatua bunduki akiwa ndani ya gari lililosimama, jambo ambalo mwingine akilifanya anashitakiwa.

Majeruhi wale walitoka kila pembe. Mito na misitu haikutoka nao. Ndipo suala la leseni ya mgeni likawauma watu ambao awali hawakulifikiria.

Majimbo yalikuwa na desturi ya kuwakumbuka askari wao wenyewe waliolemaa, kwa leseni za bure au za bei ndogo. Kwa mgeni mkono ulikuwa mzito. Polepole baadhi yakalegeza. Idaho, kwa mfano, humpunguzia bei mgeni ambaye idara ya maveterani imethibitisha kwamba ulemavu wake unaotokana na utumishi ni asilimia 40 au zaidi. Idara ile hupima mwili wa mtu kwa makumi: 10, 20, 30, hadi 100. Majimbo mengine hutaka 50, mengine 100, na mengine hayana nafuu yoyote kwa mtu wa nje. Kwa hiyo yuko askari ambaye, akiendesha gari kutwa nzima kuelekea magharibi, asubuhi ni shujaa, mchana ni mgeni na jioni ni shujaa tena, kwa asilimia zilezile.

Mama ataniuliza: na hao wanaompunguzia, kwa nini wasimpe bure tu, yaishe? Jibu lake limo katika sheria mbili ambazo Wamarekani wenyewe wengi hawazijui.

Mwaka 1937, chini ya Rais Franklin Roosevelt, ilipitishwa sheria ya Pittman na Robertson. Ushuru wa bunduki na risasi ukatengwa kwa ajili ya wanyamapori, ukagawiwa majimbo kwa kanuni hii: nusu kwa ukubwa wa ardhi, nusu kwa idadi ya watu waliolipia leseni. Mwaka 1950 ikafuata sheria kama hiyo kwa vifaa vya uvuvi. Sharti moja ni kwamba jimbo lisichukue fedha za leseni kwenda kujengea barabara. Zibaki kwa wanyama na samaki. Ni utaratibu ambao umewarudisha wanyama wengi, na wanaoubeza hawajatazama hesabu. Lakini ona unavyomgusa askari wetu. Mtu aliyepewa leseni ya bure bila senti kuingia hahesabiwi kuwa amelipia. Jimbo likimpa bure, linakosa ada yake na linakosa pia fungu lake kutoka ushuru wa taifa. Likimtoza kidogo, hata kama ni robo ya bei, anahesabiwa. Ndiyo maana bei ya tatu ipo katikati. Haikupimwa kwa uzito wa mguu wake.

Na hapo ndipo mimi natofautiana na wanaosifu leseni hizi kama ukarimu wa taifa. Taifa halitoi kitu hapo. Vita vilitangazwa Washington. Nafuu ya leseni inatoka katika chungu cha idara ya wanyamapori ya jimbo, chungu kilekile kinacholipa walinzi wa misitu na kufuga samaki wa kupandikiza mitoni. Wajumbe wa bunge la jimbo hupiga makofi, bwana wanyama hupunguziwa bajeti. Ndiyo maana idara hizo, kila muswada wa kumwongeza mgeni mwingine unapokuja, huuliza kwa adabu nani atafidia, na wanaouliza huonekana hawawapendi askari. Kama deni ni la taifa, ingefaa taifa lilipe tofauti ya bei na jimbo lisipoteze.

Nina sababu ya kulisema hili kwa ukali kidogo. Babu yangu mzaa mama alikuwa askari wa KAR. Alivuka mto Chindwin huko Burma mwishoni mwa 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, akarudi na mkono wa kushoto usioweza kufunga ngumi. Malipo yao ya mwisho, kama wote wajuavyo, yalitofautiana kwa rangi ya ngozi. Alipofika kwao alikuta nguruwe wanamaliza mihogo, akaenda kwenye ofisi ya serikali kuomba ruhusa ya kuwinda. Karani akamwuliza bunduki yako iko wapi. Babu akasema, "Niliyokuwa nayo ilikuwa ya Mfalme, nimemrudishia." Akaambiwa ada ya leseni, akaambiwa na bei ya bunduki, akarudi nyumbani kuchimba mitego. Alitusimulia kisa hicho akicheka, na sisi wajukuu tukicheka. Bibi hakucheka hata mara moja.

Halafu nilipokua nikasoma kwamba ufalme huohuo, baada ya vita vya kwanza, uliwahi kuwa na huruma kubwa sana kwa walemavu wa vita kutoka nje. Mwaka 1919 walitengewa ekari 25,000 karibu na Kericho maofisa wa Kiingereza waliolemaa, ili walime kitani. Ardhi ilikuwa ya Wakipsigis. Bei ya kitani ikaanguka na mradi ukafa mapema. Wapagazi waliobeba mizigo ya vita hivyohivyo, waliokufa kwa makumi ya maelfu, walituachia jina la soko: Kariakoo. Hivyo siwezi kuwadharau Wamarekani wanaogombana juu ya dola 40 za leseni ya askari. Angalau wanakubali kwamba kuna kitu anadaiwa mtu.

Kwa kijana wa Temeke, basi, haya ndiyo ya kufanya. Aombe barua ya idara ya maveterani inayoonyesha asilimia ya ulemavu wake, na aende na nakala, maana muuza leseni dukani hataamini mguu aliouona kwa macho. Asome masharti ya jimbo analokwenda, asitegemee ya jimbo lake. Aangalie kama nafuu inagusa leseni peke yake au pia kile kibali cha mnyama mmojammoja, kwa sababu mara nyingi bei kubwa imejificha humo. Na rafiki yake akimshawishi wawinde bata, atahitaji pia stempu ya bata ya serikali ya taifa, iliyoanza mwaka 1934 kwa dola 1 na ambayo tangu 2015 imekuwa dola 25. Hiyo ni ya Washington yenyewe, na haina bei ya askari mlemavu.